Ulizeni Fundi: Hatua kumi na nne kutoka ukingoni

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Shanty Town, hapa Moshi. Mume wangu alifanya kazi bandarini Tanga kwa miaka kumi na tisa, na tangu turudi huku mlimani bahari haijamtoka moyoni. Mwezi uliopita dalali alimtumia picha za nyumba inayouzwa kaskazini mwa mji wa Pangani, juu kabisa ya jabali. Ina vyumba vitano vya kulala, kila kimoja na choo chake, bwawa la kuogelea linaloelekea bahari, baraza pana ya mninga, ngazi ya mawe ya kushukia ufukweni, na ekari moja na nusu yenye minazi na mibuyu miwili. Bei ni shilingi milioni 720. Tulikwenda Jumamosi moja, tukafika saa tisa alasiri, tukanywa madafu barazani maji yakipiga mwamba chini yetu. Sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale. Kutoka barazani hadi ukingoni nilihesabu hatua kumi na nne. Dalali anasema hati ni safi, ya miaka 33, imetolewa 1997. Anasema pia kuna mnunuzi mwingine kutoka Nairobi, kwa hiyo tutoe asilimia kumi kabla ya mwisho wa mwezi. Ili tulipe itabidi tuuze nyumba yetu ya hapa. Mume wangu keshakubali. Mimi moyo unasita, ila sijui unasitia nini. Nisaidie.
Mwalimu, Shanty Town

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimerudi kwenye hizo hatua kumi na nne. Moyo wako unasitia hapo. Ulihesabu bila kuambiwa na mtu, na mtu hahesabu hatua mahali ambapo ametulia.

Mumeo namwelewa. Nimeishi Tanga kuanzia 1983 hadi 1991, kwanza mwashi, kisha msimamizi wa ujenzi, na hadi leo nikivuka daraja la Kikuletwa hukumbuka kwamba yale maji yanakwenda Pangani. Kikuletwa na Ruvu hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, zikashuka kupitia Korogwe, zikamwagika baharini pale pale chini ya Bweni, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Pangani. Mtu wa Moshi akipenda Pangani hajapenda ugenini. Kwa hiyo jibu langu si la kumkatisha tamaa.

Ila ile nyumba mmeitazama mkiwa juu yake, saa ambayo maji yalikuwa yamejaa. Hapo huoneshwi kitu isipokuwa uzuri.

Mwaka 1987 niliitwa kwenye nyumba moja ya jabalini, si mbali na Tanga mjini. Baraza ilikuwa na ufa, kama upana wa shilingi iliyosimamishwa, unatoka nguzo hadi nguzo. Nikauchimbua, nikaujaza saruji, nikapiga rangi, nikalipwa. Baada ya miezi mitatu naitwa tena: ufa umerudi, na sasa kidole kinaingia. Nikaanza kupima msingi, nikapima nguzo, kila kitu kilikuwa wima. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akipita na nyavu zake akaniuliza, “Fundi, huko chini umefika?” Sikuwa nimefika. Akaniambia ningoje bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakipwa nishuke.

Nikashuka. Juu pale mwamba ulikuwa mgumu hata tindo inaruka. Chini, usawa wa maji yanapofika yakijaa, bahari ilikuwa imekata shubaka refu, kama pango lililoingia chini ya mwamba, na mimi mtu mzima nikaingia wima. Nikavuta futi ya kamba kutoka kwenye mdomo wa shubaka hadi ukutani kule ndani: mita nne na nukta mbili. Kisha nikasimama kimya, nikasikia pampu ya maji ya ile nyumba ikinguruma juu ya utosi wangu. Baraza yote, na kona ya jiko, zilikuwa zimekaa juu ya rafu ya jiwe isiyo na kitu chini yake. Kusi, ule upepo wa kusini, ya mwaka uliofuata ile rafu ilianguka usiku, ikaondoka na baraza na nusu ya tangi la maji. Watu tulikuwa tumeshawahamishia vyumba vya nyuma. Namshukuru Mungu na yule mzee wa nyavu, kwa sababu mimi mara ya kwanza nilijaza saruji nikaenda zangu.

Majabali ya pwani yetu, sehemu kubwa, ni matumbawe ya kale. Yalikuwa mwamba wa chini ya bahari zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo, maji yakashuka, yakabaki nchi kavu. Ni jiwe la chokaa, lina vitundu kama mkate. Wimbi hulila kwa chini mahali pamoja, kila siku mara mbili maji yanapojaa, na mvua hulila kwa juu kwa kupenya kwenye nyufa. Halimomonyoki kidogo kidogo kama udongo wa Kibosho, ambao utauona ukiteleza. Linakaa miaka ishirini halijabadilika kitu, kisha linakatika kipande kizima.

Sasa Mwalimu, nenda tena, safari hii si Jumamosi ya madafu. Bamvua huja siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na bamvua kubwa kuliko zote ni za karibu na Machi na Septemba. Siku hizo tofauti ya maji kupwa na maji kujaa kule huzidi mita tatu. Mwombe mvuvi yeyote wa pale akupe saa ya kupwa, mpe chochote, mshuke naye. Mtembee chini ya ile nyumba yote, kona hadi kona, mpime kina cha shubaka. Muangalie vipande vya jabali vilivyolala ufukweni. Vile vyenye kona kali na rangi nyeupe ni vya juzijuzi. Vilivyoota mwani na chaza vina miaka. Mkipanda juu, mtafute nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, hata kama ni nyembamba na zimeota majani. Na hiyo ngazi ya mawe muitazame sana. Ngazi ya jabalini ndiyo ya kwanza kuachana na mwamba.

Kama shubaka ni la kina cha kiganja, na hatua zenu ni kumi na nne, nyumba itawazika ninyi wote wawili kwa amani. Kama ni la kina cha mtu kulala, msiinunue kwa bei yoyote. Wakikwambia utajengwa ukuta wa kuzuia bahari, jua kwamba ukuta wa namna hiyo ni kazi ya serikali na bajeti ya serikali. Wimbi linalorudishwa na ukuta wako linakwenda kumla jirani, na baadaye linazunguka kingo za ukuta wenyewe. Muulize mumeo kuhusu kisiwa cha Maziwe, mbele ya kijiji cha Ushongo, kusini mwa Pangani. Hakika anakijua. Wazee wa Pangani waliniambia walivyokiona kikiwa na mivinje, kasa wakipanda kutaga. Miti ilikatwa, bahari ikala, na leo ni fungu la mchanga tu linaloibuka maji yakipwa.

Nyumba yenyewe nayo ina ugonjwa wake. Beba nyundo ndogo, ugonge chini ya baraza, chini ya mikanda ya zege, kuzunguka bwawa. Zege zima linalia kavu, ti ti. Zege lililoachana na nondo linalia kama debe. Chumvi hupenya hadi kwenye nondo, nondo inashika kutu, na kutu huvimba ikachukua nafasi mara kadhaa ya chuma chenyewe, ndipo zege linabanduka vipande vipande. Kwenye ile nyumba ya 1987 nilivuta nondo ya milimita 16 kutoka kwenye mkanda. Katikati ilikuwa imebaki unene wa kalamu ya risasi, na iliyobaki ilikuwa maganda mekundu yanayosagika kwa vidole. Nyumba ya pwani nondo zake zinatakiwa zifunikwe na zege la sentimita 5. Nyingi za miaka ya tisini hazifiki nusu. Uliza pia mchanga ulitoka wapi. Kama waliuzoa pale pale ufukweni bila kuuosha, ile chumvi iko ndani ya kuta tangu siku ya kwanza, na hakuna rangi itakayoitoa.

Bwawa la kuogelea mimi ningeliogopa kuliko baraza. Maji yake yakivuja, na mabwawa ya jabalini huvuja, yanapenya moja kwa moja kwenye lile jiwe la vitundu karibu kabisa na ukingo. Mwambie anayeuza alijaze asubuhi, uweke alama ya chaki, pampu izimwe, urudi kesho yake. Jua hupunguza unene wa kidole kimoja hivi. Likipungua kiganja, maji yanakwenda ndani ya mwamba. Shimo la maji taka liulizie pia liko upande gani. Na kisima kionje maji mwenyewe, mwisho wa kiangazi, kwa sababu kisima cha pwani kikivutwa sana huingiza maji ya bahari.

Sasa karatasi. Umeandika hati ni ya miaka 33, imetolewa 1997. Wewe ni mwalimu, jumlisha: inaisha 2030. Kwa milioni 720 mnauziwa miaka iliyobaki hapo. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na hati ni haki ya kukaa kwa muda uliotajwa, iwe 33, 66 au 99. Muda ukiisha unaomba upya, haijirudii yenyewe. Na atakayepokea ombi lenu atafungua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Hatua zako kumi na nne ni kama mita kumi. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za pwani kati ya zile zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Sisemi mtafukuzwa. Kama nyumba ilijengwa kabla ya 2004, hilo lina uzito wake. Nasema mwombe anayeuza ahuishe hati kwanza, kwa jina lake na kwa gharama yake, ndipo mzungumze bei. Kama hati ni safi kama anavyosema dalali, hatakataa. Akikataa, umeshapata jibu bila kushuka ufukweni.

Kabla ya shilingi moja kutoka, mfanye upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, uone jina la nani limeandikwa, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mahakama. Kwa ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji mwende wenyewe pia, mkae na majirani. Sehemu kubwa ya pwani ile ni ardhi ya vijiji, na ekari moja na nusu mara nyingine huwa na nusu yenye hati na ekari nzima yenye karatasi ya mkono tu. Muende na ramani, mtafute vigingi kimoja kimoja. Kigingi cha upande wa bahari mkikikosa, muulize kimekwenda wapi. Nimewahi kukiona kimoja kikiwa chini ufukweni, bado na zege lake.

Milioni 72 za asilimia kumi msizitoe kwa dalali. Zikitoka, zikae kwa wakili, kwa mkataba unaosema zinarudi upekuzi ukitoa kasoro. Mnunuzi wa Nairobi simwamini. Kila nyumba ya pwani ina mnunuzi wa Nairobi, na tena raia wa kigeni hamilikishwi ardhi hapa kwa ajili ya makazi tu. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji, basi iandikwe hivyo, maana wengi huisukumia kwa mnunuzi siku ya mwisho. Ushuru wa stempu, asilimia 1, utakuwa wenu: milioni 7 na laki mbili. Na mkiuza ya Shanty Town, faida yenu nayo itatazamwa.

Hiyo ya Shanty Town sasa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi hati ina jina la nani. Umeniandikia “mume wangu keshakubali” kana kwamba wewe unasubiri matokeo. Saini yako inatakiwa pale, Mwalimu, na una haki ya kuishikilia hadi maswali yote haya yajibiwe. Mwambie hivyo kwa upole, mezani, mkinywa chai. Mumeo anapenda bahari. Hajasema anapenda kuzama nayo. Pia mna umri wa kuhitaji daktari. Hapo mlipo hospitali ya KCMC ni mwendo wa dakika. Kutoka Pangani hadi hospitali ya Bombo, Tanga mjini, ni kama kilomita 50, na usiku zile ni ndefu.

Shauri langu kama ningekuwa ndugu yenu: ya Moshi ipangisheni, msiiuze. Kwa kodi hiyo mpange nyumba Pangani kuanzia Juni hadi Agosti, kusi ikivuma hasa, chumvi ikilowesha mashuka na mlango wa mbele usifungike. Akimaliza miezi mitatu ile na bado uso wake unang'aa, tafuteni kiwanja ng'ambo ya barabara, juu ya mwinuko, mita mia mbili na zaidi kutoka ukingoni. Bahari ataiona ile ile, na bei itakuwa ya binadamu. Mkiamua kwenda kuipima hii ya jabalini, niandikie tarehe. Nikiweza nitakuja na futi yangu ya kamba.

SWALI: Fundi, nakusalimu kutoka Njiro, Arusha. Nina miaka 66. Binti yangu ameolewa na Mjerumani, wanataka kununua nyumba ya ufukweni Tanga. Wanasema hati iandikwe jina langu, wao walipe. Kuna ubaya?
Bibi, Njiro

JIBU: Upo, dada yangu, na utawaangukia wajukuu. Ni kweli mkweo hawezi kumilikishwa ardhi kwa makazi. Mgeni hupewa kwa uwekezaji tu, kupitia mamlaka ya uwekezaji ya taifa. Lakini kwa nini isiandikwe jina la binti? Muulize kwanza ana pasipoti gani. Kama bado ni raia wa Tanzania, aandikwe yeye, mwisho wa habari. Kama alishachukua uraia wa Ujerumani, sheria yetu haina uraia pacha, basi aanze kwa wakili kabla ya kwenda kwa dalali.

Ikiandikwa jina lako, ile nyumba ni yako. Mungu akikuita, inaingia kwenye mirathi pamoja na ng'ombe na shamba, na watoto wako wote wana fungu. Hapo ndipo kaka zake watasema nyumba ni ya mama, na yeye atatoa risiti za benki ya Ujerumani mahakamani. Nimeishuhudia familia moja ya Usa River, watu wa ibada, hawajasalimiana tangu 2011 kwa sababu ya nyumba ambayo mama yao hakuwahi hata kulala usiku mmoja.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nipo Boma Ng'ombe, fundi paa. Nimepata kazi ya kuezeka nyumba ya wageni Ushongo. Mwenye nyumba anataka bati la geji 32 na misumari ya kawaida ili kubana matumizi. Nimkubalie?
Kijana, Boma Ng'ombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkubalie, jina litakalotajwa paa likitoboka ni lako. Geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba: 32 ni jembamba mno kwa pwani, mpeleke 28, lenye mchovyo wa alumini na zinki. Misumari ya kawaida itatoa machozi ya kutu kabla ya masika ya pili. Tumia skrubu zilizochovywa kuzuia kutu ya pwani, zenye mpira chini ya kichwa. Bati la alumini tupu usilipigilie misumari ya chuma hata mmoja, zikigusana kwenye chumvi zinakulana.

Akisema makuti, msikilize. Makuti hayashiki kutu, na mafundi wa kuyasuka wako pale pale kijijini.

Na umwachie maagizo haya kwa maandishi: mara mbili kwa mwaka bati lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, hasa chini ya mapaa yanayotokeza, nyuma ya mifereji, sehemu zote ambazo mvua haifiki. Huko ndiko chumvi hukaa, na huko ndiko kutu huanzia, wakati bati la juu linaloogeshwa na mvua bado linang'aa.